Mti wa Kupimia Watoto

Jina lake sitalitaja, na msidhani ni heshima. Nilipomheshimu ndipo nililitaja kila mahali, mpaka mama akaniambia nimpumzishe mtu wa watu. Siku hizi namwita Mwalimu tu, kama wanavyomwita wote kuanzia Tawa mpaka huku ng'ambo ya Mto Athi. Shule zimejaa walimu, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, watu wanajua unamsema nani.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko katika mji wa Kabati, jirani na wauza mitumba, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Tepu inashinda shingoni mwangu, na sikati kitambaa cha mtu kwa kumkadiria kwa macho, hata awe mtoto wa jirani niliyemshonea mwaka jana. Mafundi wenzangu wanakuona ukipita tu barabarani na tayari wanaijua suruali yako. Mimi hapana. Mimi napima, na nikishapima napima tena, na wateja wakinicheka nawaacha wacheke. Tabia hiyo nilipewa na Mwalimu, ingawa yeye hakujua kama ananipa kitu. Ndiye mtu aliyenidanganya kuliko wote niliowahi kukutana nao, na kwa miaka mingi nilitaka jambo moja tu kutoka kwake: aliseme kwa mdomo wake mwenyewe.

Lakini nitaanza na alivyokuwa, maana sitaki mseme namchukia bure.

Alikuwa mrefu wa kuinama milangoni. Darasa letu lilijengwa na wazazi wa zamani, na kila asubuhi Mwalimu aliingia akiwa ameinamisha kichwa, akishika kizingiti cha juu kwa kiganja. Siku moja mtoto alimuuliza kwa nini mlango ulitengenezwa chini hivyo. Mwalimu akafurahi kana kwamba ameletewa mbuzi. Akatuambia mlango ni historia, kwamba fundi aliyeujenga alijipima mwenyewe na wenzake, na hakuwa na sababu ya kuwazia mtu mrefu zaidi. Akatutoa nje, tukaanza kuzunguka tukiangalia milango: wa ofisi, wa jikoni, wa nyumba ya mzee mmoja jirani. Somo la siku hiyo lilikuwa hilo. Hatukuandika hata mstari.

Maana Mwalimu alifundisha historia, lakini historia yake haikuwa ya wafalme. Vita alivipita haraka kama mtu anayepita penye mbwa. Alichokipenda ni kutuambia watu wa kale walikuwa na kimo gani. Alisema wawindaji wa zamani sana, waliokula nyama na matunda na mizizi na kutembea mchana kutwa, walikuwa na miili mirefu, na watu walipoanza kulima na kula nafaka ile ile kila siku, wakarundikana pamoja na kuambukizana magonjwa, wakapungua. Alisema Waholanzi, ambao leo wakija hapa kama watalii unawatazama kwa kuinua shingo, zamani walikuwa wafupi, mpaka maziwa na nyama na maji safi vilipowafikia hata maskini wao. Alisema Uingereza ilipojaza viwanda na moshi, watoto wa mijini walidumaa, ingawa nchi ilikuwa ikitajirika. Alituchorea Korea mbili ubaoni, akachora mtu mmoja kusini na mwingine kaskazini, wa kaskazini mfupi zaidi, halafu akageuka akatuuliza: "Hawa ni damu moja. Ni nini kimewatenganisha?" Tulipojibu mpaka, alitikisa kichwa. Tulipojibu sahani, alitupigia makofi.

"Kimo ni chakula kilichosimama," alikuwa akisema. Alilisema darasani, alilisema kanisani, na nasikia alilisema hata kwenye mazishi ya mkwe wake, mpaka shemeji zake wakaudhika.

Alikuwa na ugonjwa wa macho, tena usio na dawa: hakuweza kumwona mtu bila kumpima. Ukikaa naye siku ya soko pale Tawa, angekuonyesha mtu anayepita na kukuambia chini kwa chini, "Huyo alizaliwa wakati wa njaa. Muone miguu ilivyo mifupi, kiwiliwili kizima." Akija mwingine, "Huyu mama yake alikuwa na ng'ombe wa kukamwa." Na kama ulikuwa mbishi ukamfuata yule mtu ukamuuliza, mara nyingi ilikuwa kweli. Mhubiri mgeni alipotuhubiria habari za Goliathi mpaka leso yake ikalowa jasho, Mwalimu alimngoja nje ya kanisa akamwambia, "Pasta, ujumbe ni mzuri. Lakini hukutuambia mama yake alikuwa akimpikia nini." Pasta alicheka. Mwalimu alikuwa akingoja jibu.

Na huyo huyo Mwalimu hakunywa maziwa. Alisema yanamkoroga tumbo. Alikunywa chai ya strungi, ile isiyo na maziwa, asubuhi, mchana na jioni, na tulipomuuliza alisema yeye ameshamaliza kukua, maziwa ni ya walio njiani. Alichapa viboko vya miguuni bila huruma, lakini kichwani hakumgusa mtoto, na mwalimu mwenzake akimpiga mtoto kofi la utosini walikosana kabisa. "Unamgongelea chini kama msumari," alimwambia mmoja mbele yetu, na yule hakurudia. Mtoto wake mwenyewe wa kiume alisoma nasi. Alikuwa mdogo wa mwili, na siku ya kupimwa Mwalimu alimwambia "bado" mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile aliyotuambia sisi. Mtu anayemwambia mtoto wake "bado" mbele za watu, nani atamshuku?

Sasa niwaeleze habari za kupimwa, maana hapo ndipo nilipopotelea.

Kwetu mtoto hahesabiwi, na ukitaka kuonyesha kimo chake unasimamisha kiganja, vidole vikitazama juu. Kiganja kilicholala ni cha mbuzi na ndama. Ukimwonyesha mtoto wa mtu kwa kiganja kilicholala, mama yake atakuuliza umemwona ana mkia? Mwalimu alikuja na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa sufuria: kila nyumba ilete mahindi na maharagwe, na mwenye mbuzi wa maziwa alete maziwa kidogo, watoto wapikiwe shuleni uji na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. La pili lilikuwa kuwapima watoto kila mwisho wa mwaka ili wazazi waone chakula chao kimeenda wapi. Sufuria ilikubaliwa kwa shida. Mti ulikataliwa. Nyanya mmoja alisimama kwenye mkutano wa wazazi akamwambia, "Mwalimu, mtu anayepimwa kwa mti ni yule anayechimbiwa." Akinamama wakaguna.

Walibishana mpaka jua likapoa, na wakakubaliana hivi: mti upime, lakini namba isisemwe wala isiandikwe. Mwalimu akakata mti wa mukau ulionyooka, akaubambua maganda, akauchoma alama kwa chuma cha moto, moja juu ya nyingine. Kitako chake alikichoma kikawa cheusi kama mkaa ili mchwa wasikile. Mwisho wa mwaka tulisimama mmoja mmoja kando ya mti ule, mama zetu wakitazama, na Mwalimu alisema neno moja tu kati ya mawili. Ukivuka alama ya umri wako, "Umepita." Usipovuka, "Bado."

Alama ya juu kabisa aliiita Mlango. Alikuwa ameenda kituo cha polisi kuuliza kimo wanachotaka kwa makurutu, akapima kwa tepu, akaichoma hapo. "Mvulana akifika Mlango," alisema, "serikali itamfungulia."

Mimi niliutaka ule Mlango kuliko kitu chochote. Babu yangu alikuwa askari katika vita vya Wazungu, akarudi na kabuti zito la rangi ya udongo ambalo bado liko nyumbani. Baba yangu alizaliwa wakati mvua zilikuwa zimekataa, akakua kwa kubahatisha. Alipokuwa kijana alijaribu uaskari akarudishwa kwa kimo. Hakuwahi kulizungumza. Mwalimu alilijua, na mwaka niliokuwa darasa la tano alimwomba baba aje darasani na lile kabuti alivae mbele yetu. Mpaka leo sijui kwa nini baba alikubali. Mikono ya kabuti ilimeza vidole vyake, na pindo likamfika kwenye viatu. Darasa zima likacheka, nami nikatamani kuingia chini ya dawati.

Mwalimu akagonga meza. "Msicheke. Aliyelivaa hili ni baba yake mzazi, na damu ni ile ile. Huyu mnayemwona si mfupi. Huyu ni mrefu ambaye hakupewa chakula."

Baba alibaki amesimama pale mbele, kabuti likimning'inia. Jioni alipokuwa akifunga mbuzi aliniambia, "Mwalimu wenu amenirudishia kimo changu." Niliapa siku hiyo kwamba nitavaa sare, na nitarudi nayo nyumbani baba anione. Basi nilikula ule muthokoi kama dawa. Waliobakisha nilimalizia. Mama ndiye aliyekuwa mpishi wa shule, akanipakulia makoko ya chini ya sufuria, na wenzangu wakanung'unika.

Halafu mvua zikakataa tena. Mahindi yalikauka yakiwa marefu kama mtoto wa nasari, mbuzi wakaacha maziwa, na sufuria ikawa maji mengi na maharagwe ya kutafuta kwa kijiko. Akinamama walianza kusema afadhali kidogo walicho nacho wapike nyumbani, kila mtu na watoto wake. Jioni moja nilimsikia mama akimwambia baba kwamba siku ya kupima ndiyo itakayoamua, maana watoto wote wakiambiwa "bado", hakuna mzazi atakayeleta hata konzi moja.

Siku ya kupima ikafika. Nawakumbuka akinamama wamekaa kwenye nyasi kavu, nyuso zimekaza. Mwalimu akamwita wa kwanza. "Umepita." Wa pili, "Umepita." Nilipofika mimi, nikanyoosha mgongo mpaka shingo ikauma, akaweka ubao mdogo juu ya kichwa changu. "Umepita." Mama akapiga vigelegele, akinamama wengine wakaitikia, na yule nyanya aliyeukataa mti akainuka akacheza. Watu walilia siku hiyo. Njaa ilikuwa inatukausha na sisi tunaota kwenda juu. Wakasema ni Mungu. Mahindi yakaendelea kuja, konzi kwa konzi, na sufuria haikuzimwa.

Mnaelewa sasa. Mimi sikuelewa. Nilimaliza shule ya msingi, nikaenda sekondari, na kila likizo nilipita kwa Mwalimu nisimame kando ya mti. Baada ya kidato cha nne, nikasimama, akaweka ubao. Halafu akasema, "Umefika Mlango." Nilikimbia njia nzima mpaka nyumbani. Baba alikuwa zizini. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kabuti, akanivika. Lilinipwaya kidogo mabegani, lakini tulisema mabega yatajaa huko mafunzoni.

Mtu ataniuliza mbona sikuazima tepu ya fundi yeyote nikajipima. Sikuazima kwa sababu Mwalimu alikuwa amesema nimefika. Tena namba ya mwili wa mtu haikuwa kitu cha kutafutwa kwetu.

Siku ya kuandikisha makurutu tulipangwa uwanjani bila viatu, vijana wengi, vumbi linatufika magotini. Nilikuwa na vyeti vyangu na meno yangu yote. Nilifika kwenye kipimo nikiwa natabasamu. Afisa hakusema "bado." Alisema namba, kwa sauti, mbele ya watu wote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia namba ya mwili wangu. Halafu akaniambia, "Kijana, toka kwa laini." Nikamwambia kuna makosa, nimepimwa nimefika. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko matusi. "Ulipimwa na nani?"

Nilirudi kwa Mwalimu siku iyo hiyo, hata nyumbani sikupita. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba na kikombe chake cha strungi. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo tepu yao imevutika," alisema. "Inavutwa na kila mtu, kila mwaka, juani. Tepu ikivutika, mtu anasomwa mfupi."

"Kweli, Mwalimu?"

"Ingia ndani ulete mti."

Akanisimamisha palepale uani, akaweka ubao kichwani mwangu. "Umefika. Si unaona mwenyewe?" Halafu akaniambia mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni, kwamba uzito wa siku unamkandamiza, kwa hiyo mwaka ujao nilale chali sakafuni, nisibebe kitu, nifike kwenye kipimo wa kwanza kabla ya jua. Hayo ya asubuhi ni kweli, nimekuja kuyapima kwa wateja wangu. Ndivyo alivyokuwa. Uongo wake aliufunga ndani ya ukweli, na ungepata wapi pa kuanzia kuufungua?

Nikangoja mwaka mzima. Nilifanya yote aliyosema. Baba alikuwa ameshawaambia watu sokoni. Nilifika uwanjani jua halijatoka, nikapimwa miongoni mwa wa kwanza, na namba ikawa ile ile. Nilipokaa kando na waliotolewa nikaona nyuso ninazozijua. Mmoja alikuwa wa darasa langu, wengine wa madarasa ya nyuma yangu, wote wa shule yetu, wote walikuwa wameambiwa wamefika Mlango. Tukatazamana. Nadhani sote tuliuona ule mti akilini kwa wakati mmoja.

Mama alikuwa na ufunguo wa stoo ya shule, na mti wakati huo ulikuwa umerudishwa humo, umeegemezwa nyuma ya magunia. Jumamosi niliingia peke yangu. Nikaupindua kichwa chini. Kitako kilikuwa kimekatwa kwa msumeno, kimenyooka, na hapakuwa na weusi wowote. Ile sehemu iliyochomwa ili mchwa wasile haikuwepo, na alama zote zilikuwa zimeshuka chini pamoja na Mlango. Niliushika ule mti nikakaa juu ya gunia la maharagwe, na sioni aibu kusema nililia. Sikulilia upolisi. Nilimlilia baba aliyekuwa amesimama darasani na kabuti, akaamini amerudishiwa kitu.

Kuna watu wataniambia alifanya kwa wema. Najua. Najua kuliko wao, kwa sababu nimekuwa nikijibizana na maneno hayo kwenye cherehani kwa miaka. Mwaka ule wa ukame ningeweza hata kumsamehe. Kukata mti ili watoto wapate kula, sawa. Lakini mimi nilirudi kwake nikiwa mtu mzima, ndevu zimeota, nikamuuliza uso kwa uso, tukiwa wawili tu. Hapakuwa na akinamama kwenye nyasi. Hapakuwa na sufuria ya kuokolewa pale uani. Na bado akaweka ule ubao kichwani mwangu.

Sikumwambia mtu. Mdogo wangu wa kike alikuwa bado shuleni pale, anakula kwenye sufuria ile, na mama ndiye aliyekuwa akiipika. Ningesema mti umekatwa, ingechukua wiki moja tu mahindi yote yabebwe yarudishwe majumbani. Kwa hiyo Mwalimu alinidanganya, kisha akaniachia mimi kazi ya kuulinda uongo wake. Baba alifariki akiamini tepu ya serikali ilivutika. Alilisema hata akiwa kitandani, na mimi nikaitikia.

Nikahama. Nikajifunza ufundi katika mji wa Kwa Vonza, nikafungua kibanda hapa Kabati. Na hapa nimeyaona mambo ambayo Mwalimu angeyafurahia. Gauni la mtoto wa gredi ya nne leo ninalikata kwa kitambaa kirefu kuliko nilichokata nilipoanza kazi. Watoto wa wateja wangu wa kwanza wamewapita wazazi wao, wanakuja wanaegemea kaunta yangu kwa viwiko. Mdogo wangu wa kike aliendelea kula kwenye ile sufuria mpaka mwisho, katika miaka ya mvua nzuri na maziwa, na akaenda juu tu. Leo ananipita kichwa. Alienda uwanjani, akasimama kwenye kipimo, wakasoma namba wakamwambia apite. Ni afisa wa polisi. Akija likizo namrekebishia suruali za kazi, na lile kabuti la babu amelivaa likamkaa kama alishonewa yeye. Nampenda. Siku hiyo alipolivaa nilimsifu, kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya kibanda mpaka nikatulia.

Basi juzijuzi, Mwalimu akaja.

Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Sasa anaishi Kwa Vonza kwa binti yake, na ni huyo binti aliyemleta, akamwacha kwangu akaenda kununua mboga. Alipita mlango wangu bila kuinama. Nililiona hilo kabla sijaona uso. Mlango wangu ni wa kawaida, na yeye aliinua mkono kushika kizingiti cha juu kama zamani, kiganja kikapapasa hewani.

"Kijana wangu," alisema. "Wanasema wewe ndiye fundi."

"Karibu, Mwalimu. Keti."

Alitaka suti. Kanisa na wanafunzi wa zamani wanamwandalia sherehe kule Tawa, maana shule imejengewa jumba la kulia chakula na wanataka alifungue yeye. Mama yangu ameombwa aseme machache. Mwalimu aliyaeleza haya kwa unyenyekevu wa mtu anayefurahi sana. Nikachukua tepu. Akanizuia kwa mkono.

"Usihangaike kunipima. Kimo changu ni kile kile tangu chuo cha walimu." Akanitajia namba. Mwalimu, aliyetufundisha historia yote ya wanadamu kupanda na kushuka, alijiona yeye peke yake hashuki.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi, nilikata kitambaa bila kupima. Nilitaka kuona.

Alirudi wiki iliyofuata kujaribu. Koti lilimmeza vidole. Suruali ilirundikana juu ya viatu. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, na mimi nikamwona baba, pale mbele ya darasa, katika kabuti lisilo lake.

Mwalimu akakohoa. "Kata hapo chini. Vidole viwili hivi. Nani ataona?"

"Nikate chini, Mwalimu?"

"Chini. Huko juu usiguse."

"Simama hapa kwanza," nikamwambia. Nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango, bila viatu, nikaweka rula bapa juu ya kichwa chake, nikashusha tepu mpaka sakafuni. Nikamsomea namba. Sikupaza sauti, lakini niliisema yote.

Alitazama tepu. "Hiyo tepu yako imevutika," alisema.

Sauti ilikuwa ile ile, hata kichwa alikiinamisha vilevile. Nilidhani anatania, nikamtazama machoni, na hakuwa anatania.

"Tepu yangu ni mpya, Mwalimu. Na ile ya uwanjani haikuwa imevutika. Ni mti uliokatwa. Niliupindua. Haukuwa na weusi."

Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa, suruali ikimfunika vidole vya miguu. Nje watu walikuwa wanapatana bei za mitumba.

"Ulijua lini?"

"Baada ya mara ya pili. Ile uliyonilaza chali sakafuni."

"Watoto walikuwa wameacha kukua mwaka ule," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyevuka. Mama zenu wangezima moto. Ningefanya nini?"

"Mwaka ule sikuulizi. Nakuuliza nilipokuja kwako nikiwa peke yangu. Ungeniambia."

Alikunja pindo la suruali, akalikunjua. "Ungemwambia mama yako."

"Nilijua na sikumwambia."

Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo, nikiwaza kwamba akikiri, kitu kitanishuka kifuani. Alikiri, na sikusikia kitu kikishuka. Nilimwona mzee aliyevaa suti ya mtu mwingine, na hasira yangu ikawa palepale ilipokuwa. Nikapiga magoti, nikaweka pini kwenye pindo la suruali yake, mguu mmoja, kisha wa pili. Nilizipanga vizuri. Suti hiyo itamkaa, na kule Tawa watasema Mwalimu bado amesimama.

Binti yake alikuwa anavuka barabara na kiondo cha mboga. Mwalimu alimwona, akaniinamia haraka, mkono wake ukanishika bega.

"Hiyo namba," alisema polepole. "Usimwambie mtu."

"Sitasema, Mwalimu," nikamjibu. "Nimezoea."